Mfupa wa Fort Ternan na mlango wa Lamu: sheria inasema nini juu ya sanaa na vitu vya kale

Wenzangu wa Pwani, juma moja mwezi uliopita niliulizwa maswali mawili na watu wawili wasiojuana. Mmoja yuko hapa Fort Ternan, ninakofundisha kwa mwaka wa sita sasa. Mwingine yuko nyumbani Lamu.

Wa kwanza ni kijana jirani, anayelima mahindi na miwa kidogo kwenye shamba la babake. Alikuja jioni na mfuko wa saruji, akautua barazani na kutoa kitu kizito cha rangi ya majivu. Lilikuwa taya la mnyama lililogeuka jiwe, meno bado yamo. “Mwalimu,” akaniambia, “kuna mtu Nakuru ameona picha kwenye simu. Anasema atanipa elfu thelathini. Niuze?”

Wa pili ni binamu yangu. Nyumba ya marehemu babu inavuja, na dalali amemwendea akiutaka mlango wa mbele, ule wa nakshi. Anatoa shilingi laki moja na nusu, pesa mkononi. “Kaka,” akaniambia kwenye simu, “mlango ni mbao tu. Paa ndilo linalotulaza macho. Niuze?”

Wote wawili niliwaomba siku tatu. Mimi si wakili. Nilikaa nikasoma sheria, nikawauliza wanaojua, na nikaona kwamba maswali yale mawili yanajibiwa na sheria moja. Nimeyaandika hapa kwa utaratibu ili msomaji mwenye mlango, kigango, picha ya kuchora au duka la vinyago apate pa kuanzia. Kwa jambo lako mahususi muone wakili, lakini uende ukijua la kumuuliza.

Kwa nini Fort Ternan

Wengi wa Pwani wanalijua jina hili kama kituo cha reli kwenye njia ya Nakuru kwenda Kisumu. Reli ilifika ziwani mwaka 1901, na mahali hapa pakabaki na jina la afisa wa Kiingereza, Trevor Ternan. Ukipanda juu kuelekea Kericho unakuta mashamba ya chai. Huku chini ni miwa, kahawa na mahindi, na mlima Tinderet unatutazama.

Tinderet ni volkano ya zamani. Majivu yake yalifunika wanyama waliokufa hapa miaka kama milioni 14 iliyopita, na mifupa yao ikageuka jiwe. Mkulima aliyeitwa Fred Wicker ndiye aliyemwonyesha Louis Leakey mifupa ya shambani kwake. Mwaka 1961 timu ya Leakey ikapata hapa sehemu ya taya la juu la nyani wa kale, na mwaka uliofuata Leakey akampa jina la Kenyapithecus wickeri, jina lenye Kenya ndani yake na mkulima yule ndani yake. Pamoja naye walipatikana swala wa kale wengi na jamaa za twiga. Wataalamu wa asili ya binadamu duniani kote wanalijua jina la Fort Ternan, ingawa abiria wa matatu hapa kituoni huenda halijui.

Kwa hiyo jirani yangu aligusa jambo kubwa alipolitoa taya lile mfukoni.

Maneno manne ya kukumbuka

Sheria yenyewe ni Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006. Ilichukua nafasi ya sheria za zamani za makumbusho na vitu vya kale. Ndani yake kuna miaka mitatu na kanuni moja ambazo kila mtu wa Pwani angefaa kuziweka kichwani.

Kwanza ni mwaka 1895. Kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka huo, ni kitu cha kale mbele ya sheria. Mabaki ya binadamu, wanyama na mimea ya umri huo yamo pia. Sahani ya Kichina iliyoingia na jahazi wakati wa Masultani imo. Kiti cha enzi cha mababu imo, bora kiwe cha kabla ya mwaka huo.

Pili ni mwaka 1800. Kitu cha kale kilichokuwapo kabla ya mwaka huo kinahesabiwa kuwa cha elimu ya mambo ya kale au ya visukuku, na masharti yake ni makali zaidi. Taya la jirani yangu limeupita mwaka 1800 kwa miaka milioni 14.

Tatu ni mwaka 1946. Hili ndilo linalotuhusu sisi hasa, na wengi hawalijui. Sheria imeutaja mlango kwa jina lake. Mlango ulionakshiwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kilichohifadhiwa. Haijalishi kama uko Lamu, Pate, Malindi, Mji wa Kale wa Mombasa au Vanga, wala haijalishi kama nyumba ni yako kwa hati. Majirani zetu wa Tanzania Bara wana sheria kama hiyo tangu 1964, nao waliweka mwaka 1940.

Nne ni kanuni ya ardhi. Vitu vya kale vilivyo juu au chini ya ardhi ni mali ya Serikali. Hati ya shamba inakupa udongo na mahindi yako. Haikupi mfupa uliolala chini ya mahindi hayo.

Siku saba

Ukivumbua kitu cha namna hiyo, sheria inakutaka utoe taarifa kwa Makumbusho ya Kitaifa ndani ya siku saba, ueleze mahali hasa ulipokipata na jinsi ulivyokipata. Kama ni kitu cha kubebeka, ukikabidhi kwao au kwa msimamizi wa serikali wa wilaya akiweke kwa niaba yao.

Neno “mahali hasa” ni zito kuliko linavyoonekana. Taya lililotolewa ardhini bila mtu kuandika lilitoka tabaka gani limeshapoteza nusu ya habari zake. Mtaalamu hawezi tena kujua umri wake kwa uhakika, wala lilikuwa pamoja na mifupa gani. Mnunuzi wa Nakuru analiona ni pambo la mezani. Kwa elimu, thamani yake imo kwenye shimo lilimotoka. Kwa hiyo ukikutana na kitu, acha kuchimba. Piga picha kabla hujakigusa, weka alama, kisha utoe habari. Kuchimba kwa makusudi ukitafuta vitu vya kale kunahitaji leseni, hata kama unachimba kwenye shamba lako mwenyewe.

Kuhusu kuhamisha, kuuza na kusafirisha, sheria ina sehemu nzima. Kwa ufupi wa mtu wa kawaida ni hivi: kitu cha kale au kitu kilichohifadhiwa usikihamishe wala usikiuze kabla ya kuuliza na kupata kibali, na hakivuki mpaka wa Kenya bila kibali cha kusafirisha nje. Anayekuambia “tutamaliza huko bandarini” anakutafutia kesi. Jina litakaloandikwa mwanzoni ni lako wewe uliyeuza.

Funzo la vigango

Watu wa Pwani hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Ndugu zetu Wamijikenda, Wagiriama hasa, huwasimamishia vigango wazee waliokuwa katika chama cha Gohu. Kigango kikishasimama hakihamishwi. Hata watu wakihama boma, kigango hubaki pale pale kikioza polepole, na hiyo ndiyo desturi. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 wezi walianza kuving’oa usiku na kuviuza kwa wafanyabiashara wa vitu vya watalii. Kutoka hapo vikaenda Marekani, vikaingia majumba ya watu matajiri na makumbusho, vikiitwa sanaa ya kuchonga.

Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa mbele ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa vyote viwili. Mzee aliomba asaidiwe kuvitafuta. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wataalamu wa mambo ya Afrika huko Marekani, Udvardy alikuwa akitazama picha za mwenzake Linda Giles, akakiona kimojawapo. Kilikuwa katika makumbusho ya chuo kikuu kimoja cha jimbo la Illinois. Cha pili kikapatikana kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Katika mwaka 2006 na 2007 vilirudishwa Kenya. Mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki.

Baada ya hapo mlango ulifunguka. Makumbusho ya Denver yaliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30, na vikafika Nairobi mwaka 2019. Mwaka 2023 Makumbusho ya Jimbo la Illinois yakarudisha 37.

Kuna mafunzo matatu hapa. La kwanza ni picha. Familia nyingi ziliibiwa, lakini ile iliyopata vigango vyake mahususi ni ile iliyokuwa na picha. Bila picha ya 1985, kigango kimoja kingekuwa mbao kama mbao nyingine. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la siku hizi liko kwenye simu yako.

La pili ni muda. Denver walikubali wenyewe, bila kesi, na bado ikachukua miaka mitano. Kitu kutoka ni usiku mmoja, kurudi ni umri wa mtoto kuanza shule.

La tatu ni pengo lililoko kwenye sheria. Vigango vingi vilichongwa baada ya 1895. Kwa kipimo cha mwaka huo peke yake, kigango cha 1920 si kitu cha kale. Mwizi wa kigango ni mwizi kama wa ng’ombe, hilo halina mjadala, lakini ulinzi maalumu wa vitu vya kale unaweza kumpita. Waziri ana uwezo wa kutangaza aina fulani ya vitu kuwa vimehifadhiwa. Maoni yangu ni kwamba wawakilishi wetu wa Kilifi na Kwale wana kazi ya kufanya hapo, wazee wa kaya wakiwa mbele. Misitu ya kaya iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Haifai msitu ulindwe na kinachosimama kwa ajili ya wafu kiachwe mikononi mwa wezi.

Kwa wanaonunua na wanaokusanya

Simlaumu kila mkusanyaji. Wako waliookoa vitu ambavyo sisi tulikuwa tunavitia jikoni kama kuni. Lakini mnunuzi ajue kanuni moja ya zamani ya biashara: mtu hawezi kukuuzia asichokimiliki. Mwizi akikuuzia kiti, umelipa pesa yako lakini kiti bado ni cha mwenyewe. Nia yako njema inaweza kukuokoa na jela. Kiti hakikuokoi.

Kabla ya kutoa pesa, uliza haya:

Kitu hiki kilitoka nyumba gani au mahali gani, na nani alikiuza mara ya kwanza? Kuna barua, risiti au picha ya zamani? Kina umri gani, na je kimeangukia mojawapo ya ile miaka mitatu? Muuzaji ana kibali? Kama ni cha ibada au cha kaburi, wazee wa jamii wanajua kwamba kinauzwa? Majibu uyaandike, muuzaji atie sahihi. Akikataa kutia sahihi, umeshapata jibu.

Kuna na mambo ya wanyama. Pembe ya ndovu, hata bangili aliyoacha nyanya yako, ni nyara ya mnyama wa porini chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013. Kuwa nayo bila kibali cha Shirika la Wanyamapori ni kosa, achilia mbali kuiuza. Gamba la kasa ni vivyo hivyo. Kenya ilichoma tani 105 za pembe za ndovu mwezi Aprili 2016 mbele ya dunia nzima. Nchi iliyofanya hivyo haitakusikiliza ukisema hukujua.

Kwa wasanii wa leo

Nimezungumza vya kale, lakini wengi wanaonisoma ni mafundi wa leo: wachongaji, wachoraji wa mitumbwi na matatu, wapiga picha, wanaochora kuta za hoteli. Sheria yenu ni Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, inayosimamiwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Hakimiliki inazaliwa pale unapomaliza kazi yako ya asili na kuiweka kwenye mbao, turubai au picha. Huhitaji kujisajili ili uwe nayo. Usajili kwenye Bodi unakusaidia kuthibitisha siku ya ubishi. Kwa kazi za sanaa zisizo picha za kamera, haki hiyo inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, kwa hiyo ni urithi wa watoto. Mtu akinunua picha yako amenunua ile turubai. Hajanunua haki ya kuichapisha kwenye fulana na kalenda. Haki ya kunakili inahama kwa maandishi tu. Na hata ukishaiuza, unabaki na haki ya kutajwa kuwa ndiwe mtunzi, na ya kupinga kazi yako isiharibiwe kwa namna ya kukuvunjia heshima.

Mtego ni kazi ya kuagizwa. Hoteli ikikuagiza uchore ukuta, sheria inachukulia kwamba hakimiliki imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Wengi wananaswa hapa. Mchoraji anachora ukuta, anaona mchoro wake kwenye matangazo ya hoteli, anakwenda kulalamika, anaambiwa ulilipwa. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye karatasi kabla ya kuchovya brashi: “Hakimiliki ya mchoro huu inabaki kwa mchoraji.” Mkitia sahihi wote wawili, mambo yamebadilika.

Jambo jipya zaidi ni la mwaka 2019. Marekebisho ya sheria yalimpa msanii mrabaha wa asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Tuseme uliuza kinyago kwa shilingi elfu arobaini, na baada ya miaka kikauzwa tena kwenye jumba la sanaa Nairobi kwa laki nne. Asilimia 5 yake ni shilingi elfu ishirini, nazo ni zako. Lakini utazidai vipi kama hujui kinyago kiko wapi? Ndiyo nasema tena, weka daftari: jina la kazi, vipimo, picha, tarehe, aliyenunua, bei.

Na wanaoweka vitu dukani kwa mali kauli, msikubali neno la mdomo. Andikeni ni vitu vingapi, kila kimoja kiuzwe si chini ya bei gani, mwenye duka achukue fungu gani, alipe baada ya siku ngapi, na kikivunjika au kikiibwa dukani nani analipa. Rafiki yangu mmoja mchongaji aliacha vinyago kumi na viwili kwenye duka moja la kitalii. Duka likafungwa, mwenyewe akahama, na rafiki yangu hana hata kijikaratasi cha kuonyesha polisi. Undugu haukatazi karatasi.

Kazi ambayo si ya mtu mmoja

Kuna sanaa isiyo na mtunzi mmoja. Nakshi za Lamu, vigango, na huku kwa Wakipsigis kile kibuyu cha mursik, sotet, kinachopambwa kwa shanga na kina mama. Nani ana hakimiliki ya vitu hivyo? Sheria ya kawaida haina jibu zuri, kwa sababu mtunzi wake alifariki zamani, tena walikuwa wengi.

Katiba ya 2010 katika kifungu cha 11 iliagiza Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinapata fidia au mrabaha kwa matumizi ya utamaduni wao. Sheria hiyo ilikuja mwaka 2016, ni Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Utamaduni. Inataka anayetumia utamaduni wa jamii kibiashara apate kwanza idhini ya jamii hiyo, ikiwa imeelezwa waziwazi inaidhinisha nini. Kaunti zina wajibu wa kuweka rejista. Swali langu kwa kaunti zetu sita za Pwani ni rahisi: rejista iko wapi, na sisi tumeandikisha nini? Haki isiyoandikishwa ni kama chombo kisichotiwa lami. Kinaelea hadi siku ya mawimbi.

Vinavyosubiri nje

Kutoka kilima cha hapa unaona ng’ambo, upande wa Nandi. Huko ndiko Koitalel arap Samoei alikouawa Oktoba 1905 na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, aliyekwenda na vitu vya kiongozi yule. Bakora tatu za uongozi zilirudi kutoka Uingereza mwaka 2006, zaidi ya miaka mia moja baadaye, kwa hiari ya jamaa wa afisa yule. Hapakuwa na mahakama iliyoamuru.

Na kwetu Tana, Wapokomo bado wanaisubiri ngadji, ngoma yao kuu ya utawala. Ilichukuliwa na maafisa wa kikoloni mwaka 1902, ikaingia kwenye Makumbusho ya Uingereza, London, mwaka 1908. Mradi wa pamoja wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na wasanii wa hapa na wa Ujerumani umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo kwenye taasisi za nje. Vingi vilitoka kabla hatujawa na sheria yetu wenyewe, na sheria haiwezi kurudi nyuma na kuvichukua. Vinarudi kwa mazungumzo, kwa aibu, na kwa ushahidi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kilichochukuliwa na kinachouzwa leo. Kile tulinyang’anywa. Hiki tutakuwa tumekipeleka wenyewe.

Nilichowajibu

Siku ya tatu nilikaa na kijana na babake. Niliwasomea vile vifungu. Mzee akasikiliza, kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu zuri: “Na huyu mtoto atapata nini?” Nikamwambia ukweli. Sikuona kwamba atapata elfu thelathini. Atapata stakabadhi, na jina lake litaandikwa kwamba ndiye aliyeona. Mzee akanyamaza kwa muda. Akasema Wicker naye alikuwa mkulima tu, na jina lake mpaka leo linatajwa.

Tukapiga simu kabla ya siku saba kwisha. Taya likakabidhiwa, na kijana akawaonyesha mahali, karibu na mtaro uliochimbwa na maji ya mvua. Elfu thelathini hakupata, na karo ya dadake bado inadaiwa. Silifichi hilo. Sheria inayomtaka maskini aache pesa mkononi kwa faida ya elimu ya dunia ingefaa imkumbuke maskini huyo kwa kitu zaidi ya karatasi. Tukiwa na wabunge wanaosoma, nawaomba walitazame.

Binamu yangu nilimweleza la mwaka 1946. Nyumba ilijengwa babu akiwa kijana, na mlango ulikuwapo kabla yake. Nikamwambia amwombe dalali kibali kwa maandishi. Dalali akasema atapiga simu. Hajapiga hadi leo. Binamu akaenda ofisi ya Makumbusho pale Lamu, akauliza, mlango ukapigwa picha na kupimwa. Paa bado linavuja. Sisi wajukuu tumekubaliana kuchanga kidogo kidogo kila mwezi, na mimi mshahara wangu wa ualimu mnaujua, kwa hiyo litachukua muda.

Kabla hatujakata simu akaniambia jambo moja. Alipokuwa akiufuta vumbi mlango ili upigwe picha, aliona juu, chini ya tabaka za rangi, maandishi ya Kiarabu ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyaona. Anatafuta mtu wa kumsomea.